Umeme ukikata kwenye dhoruba ya theluji: baridi siyo inayowaua samaki wako kwanza

MzeeMatangi aliandika:

Wadau wa maji, salaam.

Msimu wa theluji unabisha hodi. Najua dhoruba ya kwanza ikiangusha nyaya tu, tutaulizwa swali lile lile: umeme umekata, nyumba inapoa, samaki wangu nifanyeje? Na jibu litakuwa lile lile: funika tangi kwa blanketi. Nimeona nifungue uzi mapema, kabla hujaja hapa saa nane usiku na simu yenye chaji asilimia sita.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita umeme ulikata kwangu saa kumi na mbili jioni ukarudi kesho yake saa saba mchana. Nilikuwa na tangi la lita 200, sikilidi kumi na mmoja wa Ziwa Tanganyika, na filta ya nje, ile ya kopo inayokaa kabatini chini ya tangi. Usiku kucha nilipigana na baridi. Mablanketi, chupa za maji moto, themometa naisoma kila baada ya dakika kumi kama muuguzi wa zamu. Maji yalishuka kutoka nyuzi 25 hadi 19. Samaki wote walipambazukiwa wazima, wamezubaa tu, wametulia chini. Umeme uliporudi nikasikia pampu inanguruma, nikashukuru, nikaenda kulala. Niliamka jioni nikakuta saba wanaelea.

Baridi haikuwagusa. Kilichowaua ni lile kopo, na mimi ndiye niliyeliacha kwenye soketi.

Ndani ya filta wanaishi bakteria wanaobadilisha amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu, kisha naitreti iliyo nafuu. Hao bakteria wanahitaji oksijeni. Maji yakitembea, wanaletewa oksijeni muda wote. Maji yakisimama ndani ya kopo lililofungwa, oksijeni iliyomo inaisha baada ya saa chache, bakteria wanaanza kufa, na uchafu wote uliokusanyika mle unaanza kuoza bila hewa. Fungua kopo lililolala nusu siku uone, utakaribishwa na harufu ya yai viza. Sasa umeme unarudi, pampu inaamka, na supu hiyo yote inamwagwa kwenye tangi kwa dakika moja, juu ya samaki ambao tayari wamechoka. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Kwa hiyo uzi huu nauandika kwa mpangilio wa kile kinachoua kwanza, siyo kile kinachotutisha kwanza. Baridi inatutisha kwa sababu sisi wenyewe tunaisikia mwilini. Hewa ya majini hatuisikii.

Chukua lita moja ya hewa ya chumbani: ina oksijeni zaidi ya miligramu 270. Chukua lita moja ya maji yasiyo na chumvi, ya nyuzi 25, yaliyoshiba hewa mpaka mwisho: miligramu 8 na kidogo. Ndiyo maisha ya samaki hayo, anahema kwenye ufukara. Maji yakitulia, oksijeni inaingia kwa juu tu, kwenye uso wa maji, na inashuka chini kwa mwendo wa konokono. Tangi lenye samaki wengi wanaitumia haraka kuliko inavyoingia. Na saa mbaya kuliko zote ni zile za mwanzo, maji yakiwa bado na joto, samaki wametoka kula, taa zimezimika na mimea nayo imegeuka kuwa mlaji wa oksijeni badala ya mtoaji.

Baridi, kwa upande wake, inakuja na nafuu. Maji ya nyuzi 15 yanabeba oksijeni miligramu 10 kwa lita. Halafu samaki ni kiumbe anayefuata joto la maji yake: maji yakishuka nyuzi kumi, mahitaji yake ya oksijeni yanapungua karibu nusu. Simaanishi umwache apoe. Namaanisha kwamba kupoa polepole ni kitu ambacho samaki wengi wanakivumilia, na kukosa hewa sivyo.

Umeme ukikata, la kwanza ni hewa. Pampu ndogo ya betri, ile yenye bomba na jiwe la hewa, ndiyo bima ya kila mwenye tangi. Zipo zinazokaa kwenye soketi na kujiwasha zenyewe umeme ukikata, hizo zinakusaidia hata kama haupo nyumbani. Huna? Chukua jagi, chota maji ya tangi, yanyanyue shubiri mbili juu ya uso wa maji, yamimine. Mara ishirini, thelathini, kila baada ya nusu saa ikiwa tangi limejaa samaki. Inachosha na sakafu italowa. Ukiona samaki wamepanda juu wote wanachapa midomo kwenye uso wa maji, umeshachelewa, anza sasa hivi.

Pili, usilishe. Samaki mzima anakaa siku kadhaa bila chakula na hadhuriki. Kila unachomlisha kinatoka kama amonia, na wa kuila amonia hiyo ndio hao bakteria wako mahututi.

Tatu, chomoa kila kitu kwenye soketi. Kila kitu. Hita hasa. Sababu nitazieleza chini, wacha nipumue.

BintiKambare aliandika:

Shikamoo Mzee. Swali. Unasema hewa kwanza, halafu kila mtu anasema funika. Nikifunika si ndiyo nawaziba pumzi kabisa?

MzeeMatangi aliandika:

Marahaba mwanangu. Swali zuri na linawachanganya wengi.

Pande za kioo zifunike upendavyo, hakuna samaki anayepumua kupitia kioo. Yale maboksi meupe ya povu gumu yanayokuja na vifaa vya umeme, usiyatupe, yakate vipande vya ukubwa wa kioo, yabandike pande tatu na chini kama tangi halijakaa moja kwa moja mezani. Blanketi linakuja juu ya hapo. Upande wa mbele acha blanketi la kufunua ili uwaone.

Juu, acha mfuniko wa kioo mahali pake. Na hapa kuna jambo watu hawalijui: joto kubwa linatorokea juu, kwa mvuke. Lita moja tu ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kupoza tangi la lita 200 kwa karibu nyuzi tatu. Nyuzi tatu! Kwa hiyo mfuniko unafanya kazi kuliko mablanketi ya pembeni. Na hewa iliyobaki kati ya mfuniko na maji haiishi kirahisi. Tuseme ni lita kumi za hewa: zina oksijeni zaidi ya gramu mbili na nusu, wakati maji yote ya tangi la lita 200 yakishiba yana gramu moja na nusu na kidogo. Acha mwanya wa kidole kwa bomba la hewa na umemaliza. Kinachowaziba pumzi ni maji yaliyotulia.

FundiWaBetri aliandika:

Mzee ametaja pampu za betri, huo ni uwanja wangu, ngoja niingie.

Watu wananunua UPS ya kompyuta, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikata, wakidhani wamepona. Fanyeni hesabu kwanza. UPS nyingi ndogo zina betri ya volti 12, saa-ampea 7. Hiyo ni wati-saa 84, yaani wati 84 kwa saa moja, ikiwa mpya na ikiwa na heshima zake. Chomeka hita ya wati 200, haimalizi nusu saa. Ukisema basi nachomeka pampu ya hewa ya wati 3 peke yake, tatizo lingine: UPS yenyewe ikiwa inageuza umeme inakula zaidi ya hiyo pampu yako. Utapata saa kadhaa, hutapata siku.

Sasa angalia pawabenki ya simu. Ya 20,000 mAh ina takribani wati-saa 74, zinazokufikia ni kama 60. Pampu ya hewa ya USB inayokula wati moja na nusu inatembea humo saa 40. Kifaa kinachoingia mfukoni kimeishinda UPS ya kubeba kwa mikono miwili, kwa sababu hakigeuzi umeme kwenda volti 230 ndipo urudi chini tena.

Ila kuna mtego, na mimi umeninasa. Pawabenki nyingi zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana zinadhani simu imejaa, zinajizima. Unalala ukijua mapovu yanatoka, unaamka kimya. Jaribu yako leo, iache usiku mmoja mzima na pampu. Ikijizima, tafuta nyingine au chomeka na kitaa kidogo cha USB kwenye tundu la pili ili mvuto uongezeke.

Na tafadhalini, vali ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la hewa. Ni kidude kidogo kuliko kifundo cha kidole. Pampu ikizima na imekaa chini ya usawa wa maji, maji yanaweza kurudi kupitia bomba na kumwagika mpaka kwenye soketi. Bila vali, weka pampu juu kuliko maji.

MpitaNjia aliandika:

Yaani mimi nalala na soksi mbili na koti, samaki ana boksi la povu, blanketi na pampu ya akiba. Nani hasa anamfuga mwenzake humu ndani?

BibiGupi aliandika:

Nimesoma yote. Mimi tangi langu dogo, lita 30, gupi tu. Mwaka jana umeme ulikata, nikaingiza jiko la mkaa sebuleni karibu na tangi, nikafunga milango joto lisitoke. Gupi wangu wote walipona. Sijui haya ya wati-saa.

MzeeMatangi aliandika:

Bibi yangu, nakuheshimu sana, lakini naomba hili niliandike kwa sauti kubwa na wengine walisome.

Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa linatoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikukereketi koo. Unaumwa kichwa, unasikia usingizi, unasinzia, basi. Jenereta ndani ya nyumba ni hivyo hivyo, na gari likiunguruma gereji ni hivyo hivyo hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Jenereta inakaa nje, mita sita au zaidi kutoka milango na madirisha, moshi ukielekea upande wa pili. Jiko la gesi ni la kupikia na kuchemshia maji, siyo la kupashia nyumba. Na kila nyumba yenye kitu chochote cha kuwaka iwe na king'ora cha kaboni monoksidi chenye betri.

Bibi, ulipona wewe. Hao gupi tungewapata wengine.

BibiGupi aliandika:

Sikujua, mjukuu wangu. Kichwa kweli kiliniuma siku ile, nikadhani ni mawazo. Sasa joto nitoe wapi?

MzeeMatangi aliandika:

Pole sana bibi, na ahsante kwa kusema ukweli.

Tangi dogo linapoa haraka, hilo ni kweli, kwa sababu maji ni machache na kioo ni kingi ukilinganisha. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kulipasha. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ambayo haijawahi kuwekwa sabuni wala dawa. Ijaze maji moto ya kuweza kuishika mkononi, tuseme nyuzi 45, siyo yanayochemka. Ifunge, iweke ielee. Kwenye lita 30 za nyuzi 20, chupa hiyo moja itakuongezea chini kidogo ya nusu nyuzi. Ukiweka mbili, karibu nyuzi nzima. Ikipoa, itoe, jaza tena. Punguza maji kidogo kabla, la sivyo yatafurika.

Usimimine maji moto moja kwa moja ndani ya tangi. Joto litaruka ghafla sehemu moja, na yakiwa ya bomba yana klorini.

Kwa matangi makubwa hesabu inageuka. Lita 200 kuzipandisha nyuzi moja ni kama wati-saa 230. Chupa ya lita mbili ya nyuzi 45 ndani ya maji ya 20 inakupa robo ya nyuzi. Ndiyo maana nasema tangi kubwa lihifadhi joto lake, usijaribu kulipikia. Mimi usiku ule nilichemsha maji mpaka alfajiri, nikapata kujisikia nafanya kitu.

Na ile mifuko ya joto ya kuweka kwenye glavu inakaa nje ya kioo, chini ya blanketi. Haiingizwi majini, na nayo inahitaji hewa ndipo itoe joto.

ChumviTupu aliandika:

Neno moja kwa wa maji chumvi. Maji ya bahari yanabeba oksijeni pungufu, kwenye nyuzi 25 ni chini kidogo ya miligramu 7 kwa lita. Saa zenu ni chache kuliko za wenzenu. Kwenye matumbawe mwendo wa maji ni muhimu sawa na hewa, kwa hiyo pampu ya kusukuma maji ya volti 12 au 24 yenye tundu la betri ya akiba ndiyo ya kununua kwanza.

Wenye tangi la chini la kuchujia, zimeni pampu kuu leo kwa makusudi, mkiwa macho, mtazame maji yanayoshuka yanaishia wapi. Kama tangi la chini linafurika mchana wa jua, litafurika usiku wa giza pia.

BintiKambare aliandika:

Mzee, uliahidi sababu za kuchomoa hita.

MzeeMatangi aliandika:

Nilisahau, ahsante.

Umeme wa dhoruba haurudi kistaarabu. Unarudi, unakata, unarudi na nguvu kupita kiasi. Kila kilichobaki kwenye soketi kinapigwa. Hilo la kwanza.

La pili, katika kuchota na kumimina maji yanapungua, na hita ya kioo ikiwaka huku nusu yake iko hewani inapasuka. Hita iliyopasuka ndani ya maji na umeme upo, sihitaji kueleza zaidi.

La tatu ndilo wengi hawalifikirii. Hita haina huruma. Imekuta maji 18, imepangiwa 26, itakimbia mpaka 26 bila kupumzika. Kwenye tangi dogo lenye hita kubwa huo ni mruko wa saa chache. Samaki aliyeshuka polepole usiku kucha apandishwe polepole vile vile. Mimi naiweka hita kwenye nyuzi moja juu ya maji yalivyo, nasubiri saa moja au mbili, naongeza moja. Siku nzima ikipita siyo neno.

NyumbaBarafu aliandika:

Wakuu, nisameheni kuingilia. Umeme umekata kwangu saa mbili usiku na sasa ni saa tano. Upepo ni mkali sana na tumeambiwa tusitoke. Tangi lita 120, neoni tetra kumi na watano, kambare wadogo sita, betta mmoja. Filta ya kopo. Mimea mingi. Maji ni 23. Tetra wamepanda juu. Nimefunika na mablanketi matatu. Pampu ya betri sina.

MzeeMatangi aliandika:

Dada, weka simu chini kwanza, jagi mkononi. Shubiri mbili juu, mimina mara thelathini. Ukimaliza rudi usome.

Betta ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, hapati shida. Kambare wadogo wakipanda mbio na kushuka usishtuke, wanameza hewa na kuitumia utumboni. Hao tetra ndio kipimo chako.

Una chupa ya kaboni dioksidi ya mimea?

NyumbaBarafu aliandika:

Nimemimina. Ninayo, ile ya kienyeji ya sukari na hamira.

MzeeMatangi aliandika:

Itoe bomba lake majini sasa hivi! Mitungi yenye vali ya umeme inajifunga umeme ukikata, lakini hamira haina swichi, inaendelea kupuliza usiku kucha. Maji hayatembei, gesi haitoki, pH inashuka (maji yanazidi kuwa na asidi) na samaki wanalewa. Toa bomba lote na chupa uiweke mbali.

FundiWaBetri aliandika:

Dada una pampu ya kujazia mipira au godoro la upepo, ya mkono au ya mguu? Funga bomba la hewa mdomoni kwa mkanda wa gundi. Dakika tano za kukanyaga ni sawa na jagi nyingi, na wewe mwenyewe utapata joto.

BintiKambare aliandika:

Na hilo kopo dada. Lichomoe, funga vali zake, lifungue. Sponji na vile vigae vya bakteria vitoe uviweke kwenye beseni pana lenye maji kidogo ya tangi, vilowe tu huku hewa inavigusa. Au kwenye mfuko wa wavu ndani ya tangi, pale unapomimina maji. Usiviache vikauke, usivioshe kwa maji ya bomba.

MzeeMatangi aliandika:

Mwanafunzi amempita mwalimu. Fanya hivyo hivyo.

NyumbaBarafu aliandika:

Saa saba usiku. Bomba la hamira nimetoa, sponji ziko kwenye beseni. Pampu ya godoro ipo, tunapokezana na mume wangu. Tetra wameshuka katikati ya maji. Joto 22. Nimesoma mahali kwamba maji ya oksijeni, yale ya kusafishia vidonda, yanaongeza oksijeni tangini. Ninayo chupa nzima.

ChumviTupu aliandika:

Kweli yanaongeza, yakivunjika yanabaki maji na oksijeni. Lakini kipimo kikizidi kidogo kinaunguza matamvua na kinaua bakteria unaowahangaikia. Saa saba usiku, kwa tochi ya simu, na pampu ya godoro inafanya kazi? Liache kabatini.

NyumbaBarafu aliandika:

Sawa. Nimeliacha.

NyumbaBarafu aliandika:

Saa kumi na moja alfajiri. Joto 20 kamili. Chumbani naona pumzi yangu. Tunapiga dakika tano kila nusu saa. Betta amelala juu ya jani kama marehemu lakini tamvua zinacheza. Niweke chupa za moto?

MzeeMatangi aliandika:

Una lita 120. Chupa ya lita mbili ya nyuzi 45 itakupa nyuzi 0.4. Ukiweka moja kila saa unaweza kuzuia lisishuke zaidi, na hilo linatosha. Usilenge kupandisha. Kwa uzoefu wangu samaki wa maji ya joto walio wengi wanavumilia 20 kwa siku moja au mbili, wasiwasi wangu unaanzia 18. Diskasi ndio wangenitia hofu mapema zaidi, hao wamezoea 28 na kuendelea.

Mfuniko usiuondoe, betta anahema hewa iliyo juu ya maji na hewa hiyo isiwe baridi kuliko maji.

NyumbaBarafu aliandika:

Umeme umerudi saa tatu asubuhi hii, ukakata, ukarudi tena. Nilikuwa nimechomoa kila kitu. Sasa?

MzeeMatangi aliandika:

Subiri nusu saa uone kama umetulia. Halafu anza na pampu au filta, hita mwisho. Maji yaliyobaki ndani ya kopo yamwage yote chooni, lisuuze, rudisha sponji, lijaze maji ya tangi. Ukishaona linatembea vizuri ndipo hita, kwenye 20 au 21.

Maji ukiweza badilisha robo, yenye joto sawa na ya tangini na yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Usikimbilie maji ya bomba yenye baridi kali ukayapasha haraka, yanakuwa na gesi nyingi na samaki wanatoka vipovu kwenye mapezi. Tena baada ya dhoruba mamlaka za maji huweza kuongeza klorini, kwa hiyo dawa usiipunje. Pima amonia na naitraiti leo, kesho na keshokutwa. Chakula kesho, kiduchu. Halafu wiki nzima angalia vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini, ugonjwa ule unapenda samaki aliyepigwa baridi na unakuja siku kadhaa baadaye, watu wakiwa wamesahau.

BibiGupi aliandika:

Na wewe dada ukalale.

NyumbaBarafu aliandika:

Nalala sasa hivi bibi. Kopo nimelifungulia nje, lile tope lililobaki chini lilikuwa linanuka kweli, na nilikuwa nimeshatoa sponji tangu usiku. Maji 19.5, filta inatembea, hita bado iko mezani. Amonia bado haionekani kwenye kipimo. Kambare sita nimewaona, betta ameamka ana hasira. Tetra nilihesabu kumi na wanne mara tatu. Wa kumi na tano alikuwa nyuma ya bomba la filta, mzima.